Barua Zilizoonewa

Kazi yake ilikuwa kusoma barua ambazo hakuandikiwa. Chuo kizima, kuanzia mkuu hadi walinzi wa geti, kilitumia mtambo mmoja wa barua pepe, na mlangoni mwa mtambo huo palikuwa na kichujio: programu iliyopekua kila barua inayoingia kabla haijamfikia mwenyewe. Barua yenye kirusi iliuawa palepale. Barua safi ilipita. Ile ambayo kichujio kiliitilia shaka iliwekwa karantini, na karantini ndiko alikokaa yeye, katika chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la utawala, chenye kidirisha kinachoonyesha miguu ya wapita njia.

Kila asubuhi aliwasha kompyuta akaanza kuamua nani afe na nani apone. Kulikuwa na walaghai waliojifanya benki, wakiwataka watu wabonyeze hapa na pale wathibitishe namba zao za siri. Kulikuwa na wajane wa majenerali wasiojulikana, wote wagonjwa mahututi, wote wenye haraka. Kulikuwa na viambatisho vyenye majina ya kutamanisha ambavyo ukivifungua tu, umekwisha. Hizo alizifuta bila huruma. Lakini katikati ya takataka hakosekani mtu wa watu: mwanafunzi anayeomba nafasi, mzazi anayeuliza habari za mwanawe. Kichujio kikimkamata asiye na hatia, ofisini walisema barua "imeonewa", kikimwachia mhalifu, "imeponyoka." Zilizoonewa alizifungulia ziende zao. Zilizoponyoka ndizo zilizomletea simu za makaripio.

Watu wa juu walimwita Dada Karantini. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Jina lake halisi halikuwahi kuhitajika, basi. Wengi walimjua kwa simu tu. Chakula cha mchana alikula palepale mezani, maana siku za mwanzo alipopanda kantini alikuta kila meza ina watu wake na maongezi yameshapamba moto. Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake, ambaye kila jioni alimpokea kwa swali lilelile, "Haya, leo umekamata wezi wangapi?" na kila jioni akacheka kama ndiyo kwanza anauliza. Mama alifariki mwaka wa kwanza wa kazi hiyo. Kaka yake, aliyehamia nchi ya mbali, alipiga simu kwa nadra, na alizungumza kama mtu aliyesimama kwenye foleni anayesubiri jina lake liitwe.

Barua za Mzee wa Stoo alizikuta wiki yake ya kwanza. Ilikuja moja kila asubuhi, imetumwa kwa wafanyakazi wote wa chuo, watu mia nne na ushei, na yote kwa herufi kubwa.

"HABARI ZA ASUBUHI WENZANGU!!! MIMI MZEE WA STOO NIPO. LEO KUNA MAWINGU LAKINI YANATISHIA TU. PAKA WA JIRANI AMEZALIA KWENYE NDOO YANGU YA KUFULIA, SASA SIJUI NITAFULIA NINI. MLIOKO MAABARA, UFUNGUO WA LILE KABATI LA CHUMA UKIGOMA, INUENI MLANGO KIDOGO NDIPO MZUNGUSHE. KAZI NJEMA!!!"

Aliipima. Hakuna kiungo cha kubonyeza, hakuna kiambatisho, mwenyewe haombi kitu. Imeonewa, akasema, akaiachilia.

Kabla ya mchana simu ililia. Alikuwa mkuu wa kitengo.

"Dada, nani ametumwagia paka huku?"

"Ni mtunza stoo, mkuu. Nimeona haina madhara."

"Huyo alishastaafu zamani. Watu wananipigia mmoja baada ya mwingine, wanauliza kama ni kirusi. Sitaki kuziona tena huku juu."

"Nimzuie kabisa?"

"Utajua mwenyewe, mradi zisipande."

Aliifungua orodha ya waliozuiwa, akaandika anwani ya mzee, kisha kidole kikasita. Mtu aliyewekwa kwenye orodha hiyo hurudishiwa kila barua yake na maneno makavu: ujumbe wako umekataliwa. Mzee angeamka kila siku, aandike habari za mawingu, akataliwe. Zikiachwa karantini, mwenyewe asingejua lolote. Zingekaa mwezi mmoja kisha zijifute. Akaifuta anwani kwenye orodha, akaziacha karantini.

Na kwa kuwa zilikuwa pale, akawa anazisoma. Mwanzoni alizisoma harakaharaka, kama mtu anayechungulia dirisha la watu. Baadaye akawa anaziwekea nafasi yake: anamaliza wezi wote kwanza, anamimina chai, ndipo anaifungua ya mzee. Akajua kwamba watoto wa paka walikuwa wanne na mmoja alikuwa kichwa maji. Akajua ugomvi wa ukuta na jirani wa upande wa pili, na jinsi ulivyokwisha jirani alipoazima ngazi. Akajua balbu za ukumbi mkubwa zilifichwa nyuma ya kabati gani na kwa nini. Mzee hakuwahi kutaja mke wala mtoto. Mara mbili tatu alianza kumjibu, akafuta. Angemwambia nini? Kwamba kati ya watu mia nne anaowasalimia, anayemsikia ni mmoja, tena yule asiyemjua?

Ikapita zaidi ya mwaka hivyo. Halafu Jumatatu moja ikaja hii:

"WENZANGU. ALHAMISI NATOLEWA MTOTO WA JICHO, LA KULIA. HOSPITALI WANASEMA LAZIMA MTU AJE ANICHUKUE, HAWANIRUHUSU KUTOKA PEKE YANGU. YEYOTE MWENYE NAFASI. SI KAZI KUBWA, NI KUNISHIKA MKONO TU HADI NYUMBANI. MSIGOMBANIE!!!"

Aliisoma, chai ikapoa. Angeiachilia, mkuu wa kitengo angewaka, na wale mia nne wangeifuta kabla ya kufika kwenye neno jicho. Akaona bora apande mwenyewe.

Alianza na mhasibu, ambaye mzee alikuwa akimtaja taja.

"Mzee wa Stoo! Kumbe bado yupo?" Mhasibu alicheka hadi akavua miwani. "Huyo bwana alikuwa kiboko. Ukitaka balbu mpya, sharti umpelekee ile iliyoungua aione kwa macho yake. Jicho, eh? Pole yake. Alhamisi bahati mbaya nina kikao."

Akaenda kwa mama wa simu, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri aliyepokea simu zote za chuo na kuzigawa. Alikuwa pale tangu enzi za mzee. Alimsikiliza huku akigawa simu.

"Nikwambie kitu, mdogo wangu? Siku anastaafu tulimwaga vizuri. Tukacheza, tukamnunulia redio, tukamwambia mzee usipotee. Akapotea. Si simu, si salamu. Miaka! Leo ndiyo anatukumbuka, kwa sababu ya jicho?"

"Lakini anaandika kila siku, dada. Zinazuiliwa tu."

"Ile ya paka niliiona. Nikadhani kirusi." Taa ikawaka mezani pake. "Chuo, habari za asubuhi," akaimba, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi aliomba ruhusa akaenda mwenyewe.

Alikaa kwenye benchi la korido hadi muuguzi alipofungua mlango. "Nani amekuja kumchukua mzee huyu?" Akasimama. Nyuma ya muuguzi alitokea mtu mrefu, mkondefu, amevaa koti la heshima na viatu vilivyong'arishwa, bandeji nyeupe imemfunika jicho la kulia. La kushoto nalo lilikuwa na ukungu. Alilielekeza upande aliosimama yeye, halikumwona mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Natoka chuoni."

Uso wa mzee ukafunguka. "Si nilimwambia daktari! Nilimwambia, usinione hivi, mimi nina watu." Akapapasa hewani, akampa mkono wake uushike. "Mmekuja wangapi?"

"Nimekuja mimi, mzee."

"Vizuri, vizuri. Nilisema msigombanie."

Njiani, ndani ya teksi, mzee hakufunga mdomo. Alimwuliza yuko idara gani, yeye akasema kompyuta, mzee akasema ah, hao wa kompyuta walikuwa wakija stoo kuomba nyaya kana kwamba nyaya zinaota. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya mwenye nyumba. Kila kitu ndani kilikuwa na mahali pake, vikombe vimening'inizwa kwa ukubwa, misumari ndani ya vikopo. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ndogo, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa. Alimkalisha mzee kitini, akaweka maji jikoni, akatengeneza chai.

"Haya, nipe habari," mzee alisema akikishika kikombe kwa mikono miwili. "Mama wa simu anasemaje habari za paka wangu? Yule najua amecheka. Na mhasibu, bado ananuna?"

Angeweza kusema amecheka sana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasubiri kama mtoto, na yeye akashindwa.

"Mzee, barua zako haziwafikii."

"Haziendi? Mimi nikibonyeza, zinaenda."

"Zinaenda. Chuoni zinafika, ila mlangoni zinakamatwa. Kuna mashine inayochuja barua. Zako inadhani ni taka."

"Taka," mzee alisema.

"Inakosea. Inaonea watu. Mimi ndiye ninayekaa hapo mlangoni. Nazisoma mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi tu."

Mzee aliweka kikombe chini polepole, akitafuta meza kwa kidole kwanza. Paka mdogo aliingia, akazunguka miguu yake, akatoka.

"Mashine hiyo imeanza lini?"

"Niliikuta. Sasa ina mwaka wa nne."

Midomo ya mzee ikacheza kama anayehesabu. "Kwa hiyo na ile ya mke wangu," akasema.

Yeye hakujua barua ya mke. Mzee akamsimulia, sauti ya chini, bila kupambapamba. Mkewe aliugua muda mrefu. Ndiyo maana alipostaafu hakupata nafasi ya kutembelea watu. Alipofariki, aliandika barua moja kwa wote, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kupiga simu na kulitamka jambo lile kwa kila mtu. Aliwaandikia siku, saa na mahali pa mazishi. Akaazima viti vingi, maana watu wa chuo ni wengi. Wakaja majirani.

"Nilirudisha viti havijakaliwa," mzee alisema. "Watu niliofanya nao kazi maisha yangu yote. Nikasema, hata mmoja? Nikawakasirikia mwaka mzima, nikawa sitaki hata kupita barabara ile. Halafu hasira zikachoka zenyewe. Nikasema labda wamenisahau, hawana ubaya. Mtu akikusahau si unamkumbusha? Ndipo nikaanza kuwasalimia kila asubuhi."

"Hawakujua, mzee."

"Hawakujua." Alirudia, kisha akarudia tena, kama anayeonja kitu asichojua ladha yake. "Haiwezi kupatikana, hiyo barua?"

"Zinajifuta baada ya mwezi. Na wakati ule nafasi hii haikuwa na mtu."

"Ikajifuta." Akapitisha kiganja kwenye goti lake. "Nenda, mwanangu. Nimechoka. Asante kwa kunileta."

Alirudi kwa miguu, ingawa palikuwa mbali. Alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Alipofika kwake alikaa bila kuwasha redio. Kama mama angekuwepo, angemwuliza, na yeye angesema leo sikukamata mwizi, mama, leo nimemvunja moyo mtu. Na mama angejua la kusema.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kushuka chumbani kwake, alipita kwa mama wa simu. Hakuzunguka.

"Mke wake alifariki, dada. Aliwaandikia wote. Barua ikakamatwa na kichujio, ikafutika. Yeye amekaa akidhani mlimtupa."

Mama wa simu alivua vile visikizio vya kichwani. Taa tatu ziliwaka mezani, akaziacha. "Mke wake yupi? Yule aliyenisuka siku ya harusi yangu?" Hakungoja jibu. Machozi yalimshuka usoni, naye hakuyafuta. "Na mimi nimekaa hapa namnunia. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Watajua," alisema mama wa simu, na mkono wake ukaenda kwenye simu.

Siku hiyohiyo mzee alitakiwa kufunguliwa bandeji. Yeye hakuwa ameambiwa aende, lakini alikwenda, akamkuta mzee amesimama getini, koti limefungwa vifungo vyote.

"Umechelewa," mzee alisema.

Hospitalini muuguzi alipoiondoa bandeji, mzee alifumba, akafumbua, akageuka kumtazama yeye kabla ya kitu kingine chochote.

"Kumbe wewe mtu mzima! Kwa sauti nilijua nashikwa mkono na kabinti."

Walicheka, muuguzi naye akacheka. Kwenye kiti cha teksi mzee alisoma kwa sauti kila kibao walichopita. Kisha akauliza, "Hebu nieleze. Hiyo mashine ina nini na mimi?"

"Inampa kila mtu alama za makosa, zikifika kiasi fulani inamkamata. Ukiandika herufi kubwa tupu, kosa. Alama za mshangao tatu tatu, kosa. Ukituma kwa watu mia nne kwa mkupuo, hilo ndilo kubwa, maana ndivyo wanavyofanya matapeli."

"Herufi kubwa ni kwa sababu ndogo nilikuwa sizioni!"

"Mashine haijui macho ya mtu, mzee."

"Na hizo za mshangao ni furaha!"

"Hata furaha haiijui."

Mzee alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia hukumu ya kipuuzi. "Kwa hiyo nikiandika pole pole, kwa watu wachache, nitapita?"

"Utapita."

Jumatatu aliingia kazini, akafuta matapeli, akamimina chai. Karantini haikuwa na barua ya mzee. Jumanne vilevile. Jumatano wasiwasi ukamzidi, akafungua kumbukumbu za mtambo, zile zinazoonyesha nani kamwandikia nani na saa ngapi, bila yaliyomo. Akaliona jina la mzee. Alikuwa ameandika kila asubuhi, kwa watu watatu: mama wa simu, mhasibu, na dereva mmoja wa zamani. Mbele ya kila barua kichujio kiliandika: imepita. Chini yake yalikuwepo majibu. Mama wa simu alijibu mara mbili kwa siku moja. Hata mhasibu alijibu.

Alifurahi, kwa kweli alifurahi. Alijiegemeza kwenye kiti akatabasamu peke yake. Kisha akaifunga kumbukumbu, akabaki na benki za uongo na wajane wa majenerali. Hakujua jicho linaendeleaje. Hakujua kama leo kwa mzee kuna mawingu. Alipoikoroga chai akagundua kuwa anainywa kwa mazoea tu, hakuna anachokingoja tena baada yake.

Jumamosi mchana alikaa nyumbani na simu mkononi muda mrefu. Namba ya mzee aliiandika hospitalini. Aliipiga haraka kabla hajabadili mawazo.

Kwanza alisikia vishindo na vicheko. Sauti ya mama wa simu ilikuwa juu ya zote.

"Nani?" mzee alipaaza.

"Ni mimi. Wa karantini."

"Aa, mwanangu! Ngoja nitoke nje, hawa wana herufi kubwa kuliko mimi." Mlango ukasikika. "Haya. Jicho liko safi. Linaona mpaka uchafu ambao nilikuwa nimesamehe."

"Nashukuru, mzee. Nilitaka kujua hilo tu."

"Umefanya vema." Akasita. "Na wewe mbona kimya? Wenzako wananijibu kila siku."

"Barua zako siku hizi sizioni."

"Huzioni vipi? Si zinafika?"

"Zinafika. Ndiyo maana sizioni. Zikipita, hazinifikii mimi."

Nyuma ya mzee mtu akaangusha kitu, watu wakashangilia.

"Kwa hiyo nilipokuwa nimefungwa tulikuwa pamoja," mzee alisema taratibu, "na nilipofunguliwa nikakuacha humo ndani."

Yeye akahamishia simu kwenye sikio la pili.

"Unakaa na nani hapo kwako, mwanangu?"

"Peke yangu. Nilikuwa na mama." Halafu, kabla haya haijamshika, akasema, "Mzee, niweke na mimi. Kwenye hao unaowaandikia asubuhi."

"Nipe anwani. Polepole, kalamu hii ina kiburi."

Akamtajia herufi moja moja, na mzee akazirudia kwa sauti. Alikosea ya katikati, wakaanza upya. Alipomaliza alisema, "Njoo basi, wapo hapa." Yeye akasema atakuja wiki ijayo, na wote wawili wakakubaliana na hilo bila kulisukuma.

Jumatatu barua ilikuwa inamsubiri, kwenye sanduku lake mwenyewe, ikiwa na jina lake tu juu. Ilikuwa kwa herufi ndogo. Mzee alisema usiku mvua ilinyesha ya kweli, si ya vitisho, na mfereji umeziba tena. Mwishoni aliuliza: na wewe huko kwako kumepambazukaje?

Aliitazama sentensi hiyo. Alitafuta la kusema, akaona hakumbuki mara ya mwisho kuangalia. Akaandika kwamba alikuwa ametoka haraka na hakuitazama mbingu. Akafuta. Akaandika kwamba njiani barabara ilikuwa na matope na amechafua viatu, kwamba jirani yake wa juu amenunua kinanda na hajui kukipiga, na kwamba mama yake aliitwa na kila mtu kwa jina la utani ambalo angependa kumsimulia siku moja. Barua ikawa ndefu. Wezi wa asubuhi walikuwa wamejaa karantini wakimngoja. Akawaacha wangoje, akaendelea kuandika.